Kwanja, Mashine na Ardhi Isiyo Tambarare

Bodi ya shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Songwe imenitumia ankara kifani tatu na kuniuliza ipi ichaguliwe. Ya kwanza ni ya mashine ya kukata nyasi ambayo mtu huikalia na kuiendesha kama trekta dogo. Ya pili ni ya mashine ya kusukuma, yenye magurudumu manne na kisu kimoja kinachozunguka chini ya bati. Ya tatu ni ya mashine za kubeba begani, zile ambazo mafundi wetu huziita tu mashine za kufyekea. Eneo lenyewe ni pana. Lina miteremko miwili, vichuguu vilivyosawazishwa nusu, mitaro ya msingi wa jengo ambalo halikujengwa, na upande wa chini kuna bonde linaloanza kulowa mwezi Desemba na kukauka Mei.

Msomaji anaweza kuuliza tangu lini mwalimu wa historia amekuwa mshauri wa mitambo. Sijawa. Lakini swali la chombo gani kiingizwe katika ardhi gani, na nani atakishika, ni miongoni mwa maswali makongwe ya nchi hii, na mara kadhaa limejibiwa na watu ambao hawakuikanyaga ardhi yenyewe. Kwa hiyo nimelishughulikia kama historia kwanza, na kama ununuzi baadaye.

Nianze na chombo ambacho shule tayari inacho. Mzazi yeyote aliyewahi kupokea fomu ya kujiunga na shule ya bweni anaujua ule mstari: ndoo, jembe lenye mpini, reki, fagio la nje, kwanja. Vitabu huliita fyekeo. Ni bapa jembamba la chuma, limepindwa kuelekea ncha ili likate sambamba na ardhi, na hunolewa kwa tupa ili mkono ukate ukienda na ukirudi. Kwa jicho la fundi, ni chombo kinachoielewa ardhi kama ya Songwe. Halijali kichuguu, kwa sababu mkono hupanda na kushuka pamoja na umbo la ardhi. Halizami kwenye tope. Halidai spea kutoka Dar es Salaam. Udhaifu wake uko mahali pamoja: linakula saa za mtu, na mgongo wake.

Saa za nani? Katika maboma ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, nyasi fupi zilikuwa tangazo. Mtu aliyetoka kijijini alijua amefika serikalini kabla hajaiona bendera, kwa kuwa ardhi ilikuwa imenyolewa. Waliofyeka walikuwa wafungwa, vibarua, na watu walioshindwa kodi. Sheria za kodi ya kibanda na ya kichwa chini ya Waingereza ziliruhusu asiye na fedha atakiwe kulipa kwa kazi. Hakuna aliyepiga hesabu ya saa hizo, kwa sababu hazikununuliwa sokoni. Hapo ndipo ulipozaliwa mazoea ambao tunao hadi leo katika ofisi zetu za umma: bajeti ya jengo huandikwa, bajeti ya samani huandikwa, lakini nyasi zinazolizunguka jengo hudhaniwa zitakatwa na mtu fulani.

Songwe ina sababu ya ziada ya kulielewa jambo hili, kwani mpaka wake wenyewe ni kazi ya kufyeka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliigawa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kwa namna ya kuiacha Barabara ya Stevenson upande wa Waingereza. Mwaka 1898 tume ya pamoja ya upimaji ilipita kuuweka mstari huo ardhini. Mstari wa kwenye ramani hauoti nyasi. Wa ardhini huota kila masika. Ndiyo maana kuna mkuza, ule ukanda unaotakiwa kubaki wazi ili nchi mbili zionane, ingawa pale Tunduma na Nakonde zilivyoshikana leo mgeni hawezi kujua mara moja amesimama wapi. Baadaye mikuza iliongezeka. Ulikuja wa bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, kisha wa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, pamoja na hifadhi ya barabara kuu iendayo Zambia. Kando ya reli isiyofyekwa moto hupita kirahisi wakati wa kiangazi, na dereva wa treni haoni mbele ya kona wakati wa masika. Msafiri anayetoka Vwawa kwenda Tunduma huona foleni ya malori. Pembeni mwa malori hayo kuna watu walioinama.

Kisha ikaja shule. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, hoja yake haikuwa kwamba watoto wafyeke. Hoja ilikuwa kwamba shule iwe jumuiya inayozalisha, yenye shamba ambalo mavuno yake yanawahusu wanafunzi wenyewe, na kazi inayofundisha kitu. Mahali pengi kilichodumu ni kipande kidogo cha hoja hiyo, tena kile rahisi kusimamia. Shamba lilipungua, mifugo ikaisha, karakana ikafungwa, kwanja likabaki. Likapata pia kazi ambayo haikuwamo katika waraka wa 1967, yaani kuwa adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa anapimiwa hatua ishirini kwa ishirini, na mwenye kosa kubwa anapelekwa bondeni. Nimesoma na kufundisha miongoni mwa watu waliopita katika utaratibu huo na wanaousimulia kwa fahari, kwamba uliwakomaza. Sibishani na kumbukumbu ya mtu. Ila nauliza tu ni somo gani tunalolifundisha kuhusu kazi ya mikono tunapoitoa kama malipo ya dhambi, halafu baada ya miaka 10 tukashangaa kwamba kijana mwenye shahada haitaki.

Kuna kinaya cha chuma katika mkoa huu ambacho sitaki kukipita. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wafua chuma hodari, waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo, na majembe yaliyotokana na kazi hiyo yalikuwa mali ya biashara na ya mahari. Ufundi huo ulififia katika karne ya 20, majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalipojaa. (Chuma mashuhuri kuliko vyote mkoani, Kimondo cha Mbozi, hakikuwahi kuwa jembe wala kwanja, kiko pale pale kilipoangukia, na watalii hupiga nacho picha.) Baada ya uhuru serikali ilijaribu kuurudisha uwezo huo kwa njia ya viwanda: Ubungo kulikuwa na UFI, na Mbeya, jirani kabisa na sisi, kulikuwa na Zana za Kilimo, ZZK. Viwanda hivyo vilitengeneza majembe na zana nyingine za mkono. Vyote viwili vilipita katika wimbi la ubinafsishaji na havikutoka salama. Leo zana nyingi za chuma katika maduka ya Tunduma zimevuka bahari. Tuliokuwa tukifua sasa tunachagua kutoka katika orodha za wengine. Nani aliiandika orodha, na akiwa na ardhi gani kichwani?

Mashine ya kukata nyasi ina mwaka wa kuzaliwa na kijiji chake. Tarehe 31 Agosti 1830, Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, alipewa hataza ya mashine yenye silinda ya visu vinavyozunguka dhidi ya ubao wa chuma. Wazo alilitoa kiwandani: katika bonde lile la viwanda vya sufu kulikuwa na mashine za kunyoa manyoya ya juu ya kitambaa ili kiwe laini. Budding akaliona zulia la nyasi kama kitambaa. Hilo ndilo jambo kubwa katika mashine yake, kwamba ilihitaji ardhi iliyokwisha kufanana na nguo iliyotandazwa mezani. Kabla yake, wafyekaji wa Ulaya walitumia upanga mrefu wenye mpini wa kushika kwa mikono miwili, na walipenda kuanza alfajiri nyasi zikiwa na umande, kwa maana bua lililolowa hukatika vizuri kwa ukali wa bapa. Mashine ikaugeuza umande kuwa adui. Nyasi zilizolowa hushikana kwenye visu, na magurudumu huteleza. Tangu hapo mwenye mashine ilimbidi asubiri jua, na mwenye ardhi ilimbidi aisawazishe.

Bustani ya nyasi fupi ilipoletwa Tanganyika pamoja na nyumba za maofisa, ilikuja na dhana hiyo: kwanza ardhi inyenyekee, ndipo mashine ipite. Kwa ofisa mwenye wafungwa 20 wa kusawazisha, jambo hilo liliwezekana.

Mashine zilizofuata zilikuwa, kwa sehemu, uasi dhidi ya zulia la Budding. Mwaka 1952 huko Sydney, Mervyn Victor Richardson aliunganisha injini ndogo na kisu kinachozunguka mlalo, na kwa tangi la mafuta akatumia kopo la matunda. Mashine hiyo, Victa, haikuhitaji nyasi laini. Ilizipiga tu kwa mwendo wa kasi, hata zikiwa ndefu na kavu kama za Australia. Katika miaka ya 1960 Karl Dahlman wa Sweden akatoa mashine isiyo na magurudumu, inayoelea juu ya mto wa hewa, nayo ikawapendeza wenye miteremko. Mwaka 1971 George Ballas wa Houston, Marekani, alipokuwa akiosha gari katika mashine ya brashi zinazozunguka, alipata wazo la nyuzi za nailoni zinazozunguka kwa kasi hadi zikakata nyasi kando ya mti bila kuuchubua. Kutokana na wazo hilo na ndugu zake, yaani mashine za misitu zenye kisu cha chuma, tumepata mashine ya kubeba begani. Ukiitazama vizuri ni kwanja lililofungwa injini. Uzito wake uko kwa mtu, hauko ardhini, na njia yake inafuata mkono.

Sasa niseme kwa nini nasisitiza ardhi iliyo kichwani mwa mtengenezaji. Nchi hii imelipia somo hilo mara mbili kwa kiwango kikubwa.

Mara ya kwanza ni Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa wiki tisa na kupendekeza kilimo cha karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Kazi ikaanza 1947. Matrekta na mitambo ya kusukuma vichaka ilinunuliwa kutoka mabaki ya jeshi, mengine mpaka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Chombo kilichagua shamba, shamba halikuchagua chombo. Udongo wa Kongwa, wenye mchanga mkali, ulikula majembe ya plau kama tupa, na mvua ilipokatika uliganda mgumu kama sakafu huku karanga zikiwa chini yake. Mizizi ya vichaka ilifanya yaliyobaki. Januari 1951 mpango ulisitishwa, na walipa kodi wa Uingereza wakafuta hasara ya kama pauni milioni 36. Wenyeji wa Ugogo walioijua ardhi ile walikuwepo muda wote. Walikuwepo kama vibarua.

Mara ya pili ilikuwa mikononi mwetu wenyewe. Kilimo Kwanza kilipozinduliwa mwaka 2009, halmashauri zilihimizwa kuwaletea wakulima pawatila. Pawatila ni chombo kizuri sana, mahali pake. Kilikomaa katika mashamba ya mpunga ya Asia, ambako ardhi ni tambarare, imelowa na laini, na mtu hutembea nyuma yake kwenye tope. Ndiyo maana katika mabonde ya mpunga, Kyela, Usangu na hata Kamsamba kwetu huku Momba, watu wana sababu ya kuisifu. Lakini ilipelekwa pia kwenye udongo mgumu na mkavu, kwenye miinuko, kwenye mashamba ya visiki, na huko ikagota. Wabunge walilalamika, na pawatila nyingi zikaishia kuegeshwa au kufungwa tela na kubeba magunia. Umaskini wa chombo haukuwa ndani ya chombo. Ulikuwa katika waraka uliodhani Tanzania ni bonde moja.

Kwa upande mwingine Mbozi ina mfano wa uchaguzi uliofanikiwa bila kelele, nao ni maksai. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilienea uwandani humo kwa sababu mkulima aliweza kuijaribu, kuitengeneza kwa fundi wa kijijini, na kuiacha mahali isipofaa. Mradi wa maksai wa Mbeya uliofadhiliwa na Canada tangu miaka ya 1980 ulikuta mizizi tayari, na kazi yake ya maana ilikuwa kujaribu zana kadhaa pamoja na wakulima kabla ya kuzieneza. Kujaribu kabla ya kununua ni jambo dogo, lakini fomu zetu za manunuzi haziliachii nafasi.

Naam, tumefika kwenye fomu. Tangu 2023 tuna Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma na mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kwa kiasi kikubwa ninauunga mkono. Umefunga milango mingi iliyokuwa wazi usiku. Hata hivyo mfumo hushindanisha bei za kile kilichoandikwa katika maelezo ya kiufundi. Ukiandika "mashine ya kukata nyasi, moja", utaletewa mashine ya kukata nyasi, moja, na mkaguzi ataridhika. Sehemu ya mteremko, urefu wa nyasi, siku za tope, fundi wa karibu na upatikanaji wa spea haiandikwi na mfumo. Huandikwa na mtu aliyelitembelea eneo, tena mwezi Februari. Ninawaomba maofisa ugavi wanaonisoma wanisamehe, lakini maelezo mengi ya kiufundi ninayokutana nayo yamenakiliwa kutoka kijitabu cha muuzaji, na kijitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya zulia la Budding.

Nirudi kwenye ankara tatu.

Ile mashine ya kukalia niliiondoa kwanza, ingawa najua ndiyo iliyopendwa. Ina heshima, na mgeni rasmi ataiona. Pamoja na mwendeshaji, uzito wake unazidi kilo 200. Watengenezaji wengi huonya isipelekwe kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, wengine 10, kwa sababu hupinduka na kumlalia aliyeiendesha. Bodi inaweza kupima bila mtaalamu: chukua ubao ulionyooka wa mita 1, uweke ukiwa mlalo kwa pima maji, ncha moja ikigusa upande wa juu wa mteremko, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Ikizidi sentimita 27, umevuka nyuzi 15. Walipima kwa njia hiyo. Mteremko wa bwalo umepita. Ule wa mabweni ya wasichana umepita mbali.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa mashine nzito, nayo inahusu bonde. Tangu enzi za ukoloni tumefundishwa kufyeka nyasi ili kuzuia malaria, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilijumuisha kusafisha mazingira ya nyumba na kufukia madimbwi. Kati ya mambo hayo mawili, la madimbwi ndilo lenye uzito. Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria katika Afrika, hapendelei kuzaliana ndani ya nyasi zenye kivuli. Hutafuta vidimbwi vidogo vya maji ya mvua vinavyopigwa na jua, kama vile alama za kwato za ng'ombe na za matairi. Peleka mashine nzito kwenye bonde lililolowa, nyoa kivuli, acha mifereji miwili ya magurudumu: umemjengea mbu nyumba ya wageni. Uwanda wa Tunduma uko juu na una baridi yake, lakini mkoa unashuka hadi bonde la Rukwa, na shule yenyewe haiko mbali na upande huo.

Mashine ya kusukuma niliibakiza, kwa kazi ndogo kuliko waliyoifikiria. Mbele ya madarasa na ofisi ardhi imesawazishwa na ukoka umeshika. Hapo kisu kinachozunguka kinafaa, mradi magurudumu ya nyuma yawe makubwa ili yasinase kwenye mashimo, kimo cha kukata kirekebishike, na nyasi zisiachwe zikapita kimo cha kifundo cha mguu kabla ya kukatwa. Mkataji asiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, la sivyo mizizi hudhoofika na udongo mwekundu hubaki uchi kwa mvua inayofuata. Isipelekwe mteremkoni. Injini ndogo nyingi za aina hii hulainishwa na oili iliyo chini ya injini inayorushwa juu ikizunguka. Ukiiinamisha kwa muda mrefu oili hukimbilia upande mmoja, na fundi atakuja kukuambia injini imekufa kwa bahati mbaya.

Miteremko ni ya mashine za begani. Zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili hupata ulainishaji zikiwa katika pembe yoyote, kwa hiyo hazisumbuliwi na ubavu wa kilima. Nilishauri mbili badala ya nne, za aina moja ili spea zihamishike, na fedha inayobaki inunue miwani, viziba masikio, buti na vikinga miguu. Uwiano wa petroli na oili uandikwe kwa rangi ukutani stoo, kulingana na kijitabu cha mashine yenyewe, maana kipimo cha kukisia ndicho muuaji mkuu wa mashine hizi. Mawe huruka: watengenezaji hutaka watu wengine wakae umbali wa mita 15. Maana yake kazi karibu na madarasa haifanyiki saa za masomo, na mshikaji awe mtu mzima aliyefundishwa na anayelipwa. Hapa tulibishana kidogo. Mjumbe mmoja alipendekeza wavulana wa kidato cha tano. Nilikataa, na nikaomba kukataa kwangu kuandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Bonde nililiacha bila mashine. Si kila ardhi inayoota nyasi inadai kunyolewa. Kabla ya kulifanya lolote, bodi ilipaswa kuuliza kama ukingo wa chini unaangukia ndani ya mita 60 za kijito, kwa kuwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu eneo hilo. Sehemu inayobaki iachwe iote mpaka mvua ziishe. Mwezi Juni, udongo ukiwa umekauka, nyasi ndefu zikatwe mara moja kwa mundu, na wenye ng'ombe na wenye vibanda vya kuezeka wa kijiji jirani walipie kwa fungu. Njia ya kwenda kisimani tu ndiyo ifyekwe mwaka mzima, kwa upana wa mita mbili kila upande, kwa ajili ya nyoka.

Ilibaki hesabu ambayo haikuwamo katika ankara yoyote. Niliwaomba waliorodheshe wanafunzi wote wanaofyeka Jumamosi na wale wanaofyeka kwa adhabu, wajumlishe saa zao kwa muhula, kisha waweke pembeni mshahara wa mfanyakazi mmoja wa mazingira na petroli. Mhasibu alisema saa za wanafunzi hazina bei, kwa hiyo upande wa kwanza unabaki sifuri. Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari ya chini inatolewa bila ada, na shule haiwezi kumwendea mzazi kila inapopungukiwa. Ninaelewa mahali anaposimama. Lakini sifuri hiyo ndiyo ile ile ya boma, ya mlipa kodi aliyepelekwa kufyeka kwa kuwa mfuko wake ulikuwa mtupu, na nilimwambia hivyo kwa maneno haya haya.

Bodi imekubali mashine za begani na ile ya kusukuma. Mfanyakazi ameahirishwa hadi bajeti ijayo. Fomu ya kujiunga kwa mwaka unaokuja iko kwa mchapaji, na kwanja limo, kati ya reki na ndoo.